Namna ya kumchagulia mtoto shule ya kimataifa Arusha na Moshi: lugha nyingi, maswali mengi

Ikifika Machi simu zinaanza. Shemeji wa rafiki amehamishiwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, binamu kapata kazi hospitali ya KCMC, jirani wa Njiro kachoka na mtoto anayerudi kila jioni na kurasa nne za kunakili. Swali huwa lilelile: "Hivi intaneshino nzuri ni ipi?" Nimelijibu kwenye foleni ya benki, nimelijibu hata msibani nikiwa na sahani mkononi. Sasa naliandika, ili mwingine akiniuliza nimtumie hii niendelee kula.

Jina la shule moja la kukimbilia sitakupa. Shule iliyomfaa binti yangu ilimchosha mtoto wa dada yangu. Nitakuonyesha namna ya kuikagua shule mwenyewe, hasa kama unatafuta ile inayosema inafundisha kwa udadisi na kwa lugha zaidi ya moja. Siku hizi karibu kila brosha inasema hivyo.

Kwanza tuelewane maneno. Kujifunza kwa udadisi maana yake mtoto anaanza na swali, anachunguza, kisha mwalimu anamsaidia kupanga alichokipata na kuziba mapengo. Mwalimu bado anafundisha, tena anafanya kazi zaidi. Chukua mfano wa huku kwetu: watoto wa darasa la nne Moshi wanauliza kwa nini mfongo, yaani mfereji wa jadi wa maji, unaopita nyuma ya shamba la jirani una maji Mei na ni mkavu Septemba. Wanakwenda kuupima kina, wanamhoji mzee anayejua zamu za maji, mzee anachanganya Kichaga na Kiswahili, wao wanarudi kuandika ripoti kwa Kiingereza na kuchora grafu. Hapo lugha tatu zimefanya kazi moja. Shule ya lugha nyingi ni ile inayoziacha lugha za mtoto zifanye kazi ya kufikiri. Kuwa na bango la "Karibu" kwa lugha kumi na mbili getini ni mapambo tu.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki yenye chanjo, na ripoti za shule za miaka miwili ya mwisho. Kama mtoto si Mtanzania, pasipoti na vibali vya ukaazi.
- Karatasi moja inayoonyesha nani nyumbani anaongea na mtoto kwa lugha gani. Mweke baba, mama, dada wa kazi, bibi wa Machame anayekuja Krismasi. Wazazi wengi huniambia "nyumbani tunaongea Kiingereza", halafu tukiiandika hiyo karatasi inaonekana saa nane za siku mtoto yuko na dada, na dada ni Kiswahili tupu.
- Kiasi cha ada unachoweza kulipa katika mwaka mbaya. Kama mnaishi kwa utalii, fikiria 2020.
- Daftari, kalamu, na asubuhi tatu za siku za kazi. Jumamosi ya maonyesho haihesabiki.

Hatua ya 1. Anzia mwisho

Kabla hujatazama bwawa la kuogelea, uliza: mtoto atamaliza na cheti gani?

Njia zetu huku ni tatu. Kuna mtaala wa taifa, unaofuatwa na shule nyingi tunazoziita ingilishi midiamu, na mitihani yake ni ya NECTA, Baraza la Mitihani. Kuna njia ya Uingereza: cheti cha sekondari cha IGCSE akiwa na miaka 16 hivi, na A-Level, cha kuingilia chuo, miaka miwili baadaye. Braeburn Arusha na St Constantine's ziko huko. Na kuna IB (International Baccalaureate), mfumo ulioanzishwa Geneva mwaka 1968: PYP, programu ya msingi, kwa umri wa miaka 3 hadi 12, MYP, programu ya kati, miaka 11 hadi 16, na Diploma miaka miwili ya mwisho. IB ndiyo inayofundishwa UWC East Africa, shule ya mtandao wa United World Colleges yenye kampasi Moshi na Arusha. Wazee wa Moshi bado wanaiita ISM, kwa kuwa ilianza mwaka 1969 kama International School Moshi.

IB imeujenga udadisi ndani ya mfumo wenyewe. Mtoto wa PYP anamaliza kwa maonyesho ya uchunguzi aliouchagua, wa MYP anafanya mradi wake binafsi, na wa Diploma anaandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. Lakini mwalimu mzuri wa njia ya Uingereza anaweza kufundisha kwa udadisi kuliko mwalimu mchovu wa IB, kwa hiyo jina la mtaala lisikumalizie kazi.

Kama ndoto yenu ni Mlimani, Mzumbe au chuo kingine cha nchini, ujue cheti cha nje lazima kipelekwe NECTA kupata ulinganifu wa matokeo kabla ya kuomba udahili. Njia ipo na watoto wanapita. Tatizo ni wazazi wanaoanza kuifuatilia wiki dirisha la udahili linapofungwa. Na kama unafikiri huenda ukamrudisha mtoto kwenye mtaala wa taifa, fanya hivyo kabla sekondari haijaanza. Kurudi katikati ya njia kunamuumiza.

Hatua ya 2. Hakiki vibali

Fanya mambo mawili. Uliza namba ya usajili wa shule ya Wizara ya Elimu. Kisha, kama wanasema wao ni IB, ingia tovuti ya IB yenyewe utafute jina la shule. Kibali cha IB hutolewa kwa kila programu peke yake, kwa hiyo shule inaweza kuwa na Diploma bila kuwa na PYP. Na shule iliyo "mgombea" bado haijapata kibali. Si dhambi, kila shule ilipitia hapo, ila iseme wazi.

Hatua ya 3. Omba kukaa darasani

Piga simu ofisi ya udahili. Usiseme unaomba kutembelea shule, watakuzungusha maktaba, bwalo na uwanja, utakunywa juisi na utaondoka. Sema: "Naomba kukaa nyuma ya darasa la umri wa mwanangu kwa kipindi kimoja, siku ya kawaida." Shule nyingine zitaomba uandike barua au uonyeshe kitambulisho kwa ajili ya usalama wa watoto. Hilo ni zuri, lifuate. Shule ikikataa kabisa bila kukupa njia nyingine, mimi hufunga daftari.

Hatua ya 4. Hesabu maswali

Hapa ndipo penye kazi, usipaharakishe.

Kaa nyuma. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kila swali la mwalimu, kulia kila swali la mtoto. Dakika ishirini zinatosha. Upande wa kulia ukibaki mtupu, brosha imekudanganya.

Kisha yaangalie maswali ya mwalimu. Kuna yale ambayo jibu analo mfukoni: "Mji mkuu wa Kenya ni upi?" Na kuna yale yanayomtuma mtoto kutafuta: "Tutajuaje kama maji haya ni safi?" Yote mawili yana kazi yake, ila ukikuta kumi ya kwanza na hakuna hata moja la pili, umeshapata jibu lako. Angalia pia kama mwalimu anasubiri baada ya kuuliza. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Anayejibu mwenyewe kabla hujafika tatu hajauliza.

Angalia mtoto anapokosea. Darasa linacheka? Mwalimu anapita haraka kwa mwingine? Au anasema "umefikaje hapo?" na kumsikiliza?

Inua macho ukutani. Vipepeo ishirini na wawili wenye mabawa ya rangi moja, vimepangwa kwa mstari, vinapendeza sana, na vinakuambia watoto wamenakili. Mimi natafuta karatasi zenye kufutwafutwa, swali lililoandikwa kwa mwandiko wa mtoto, jaribio la kwanza likiwa kando ya la pili.

Onyo, maana hili lilinikuta: kelele si udadisi. Niliwahi kuvutiwa na darasa lililojaa maboksi, gundi na vicheko, nikaona hapa ndipo. Nilipowauliza watoto "mnafanya nini?" wakasema wanakata maboksi. Ningeuliza swali sahihi siku ile ningejua mapema. Swali sahihi ni: "Mnatafuta nini?" Mtoto aliye kwenye uchunguzi wa kweli atakujibu, hata kwa kubabaika. Wale wangekata maboksi mpaka muhula uishe.

Mwisho, muulize mwalimu wa darasa la tatu au la nne: "Kusoma kwa ufasaha na jedwali la kuzidisha mnavihakikishaje?" Shule nzuri ya udadisi ina jibu la haraka na la kawaida kabisa: wanasoma kila siku, wanapima kila muhula, mtoto anayebaki nyuma anafanyiwa hiki na hiki. Ukijibiwa kwa falsafa ndefu, andika alama ya kuuliza.

Hatua ya 5. Ulizia Kiswahili kabla ya Kifaransa

Wazazi huniuliza kama shule ina Kifaransa. Mimi nawauliza kama ina Kiswahili, nao hucheka. "Si anakijua?" Anakijua cha kuombea chai. Je, anaweza kusoma gazeti? Kuandika barua ya pole?

Binti yangu wa kwanza alianzia shule moja mjini, jina nitaliacha, ambako aliyesikika akiongea Kiswahili kwenye korido alivishwa kibao shingoni mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Nilikijua kibao hicho, nami nilivishwa utotoni, nikadhani ndiyo malezi. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anamjibu bibi yake kwa Kiingereza, na kwa sauti ya chini, kama anaiba. Nikamhamisha. Kwa hiyo ukikuta kibao, faini au "monita wa lugha", usibishane nao. Ondoka.

Maswali ya kuuliza ni haya, na uyaulize kwa mwalimu wa Kiswahili mwenyewe:

Vipindi vingapi kwa wiki, na hadi darasa gani? Shule nyingine Kiswahili kinaishia pale mtoto anapoanza kukihitaji kwa mtihani.

Watoto wanagawanywaje? Kukiwa na kundi moja tu, mtoto wa mtaa wa Sakina atakaa miaka mitatu anajifunza "hujambo, sijambo" na mtoto aliyefika jana kutoka Uholanzi. Yanatakiwa makundi mawili angalau: wanaokiongea na wanaoanza.

Anaweza kukifanyia mtihani? Kwenye Diploma ya IB kuna lugha za fasihi na kuna lugha za kujifunza, na Kiswahili kipo pande zote mbili. Mwanafunzi akisoma fasihi ya Kiswahili na ya Kiingereza na kufaulu zote kwa daraja linalotakiwa, anapata diploma ya lugha mbili. Shule isipokuwa na mwalimu wa fasihi ya lugha hiyo, kuna utaratibu wa mwanafunzi kujisomea chini ya usimamizi wa shule. Uliza kama wamewahi kuutumia.

Halafu nenda maktaba. Tafuta rafu ya Kiswahili. Fungua vitabu vitatu nyuma uangalie mihuri ya kuazima. Siku moja nilikuta muhuri wa mwisho ni wa miaka sita nyuma.

Hatua ya 6. Msaada wa Kiingereza kwa mgeni

Kama mtoto anatoka shule ya Kiswahili, uliza anasaidiwa vipi: anatolewa nje ya darasa, au mwalimu wa pili anaingia ndani? Kwa muda gani? Je, kuna ada ya ziada? Inayonipendeza ni ile inayomruhusu apange mawazo yake kwa Kiswahili kwanza, kisha ayaandike kwa Kiingereza.

Usidanganyike na miezi ya mwanzo. Mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha kwamba lugha ya uwanjani huja ndani ya miaka miwili hivi, ila lugha ya kusomea sayansi na historia huchukua kama miaka mitano hadi saba. Mtoto anayetania vizuri kwa Kiingereza bado anaweza kuzama kwenye swali la fizikia.

Hatua ya 7. Piga hesabu yote

Omba karatasi ya ada yenye kila kitu: fomu ya maombi, kiingilio kisichorudishwa, amana, ada ya muhula, chakula, gari la shule, safari za masomo, kompyuta, mitihani ya mwisho. Zidisha kwa miaka iliyobaki, si kwa mwaka mmoja. Uliza taarifa ya kuhama inatakiwa mapema kiasi gani. Mara nyingi ni muhula mzima, na ukichelewa amana inakwenda.

Tangu 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za humu nchini. Ukiona shilingi kwenye karatasi, uliza kama kiasi hicho kimefungwa kwa mwaka mzima au kinafuata dola kimyakimya.

Uliza pia punguzo kwa mtoto wa pili, na msaada wa ada. UWC hupokea wanafunzi wa Diploma kupitia kamati za taifa, Tanzania ikiwemo, na msaada huangalia uwezo wa familia. Usijitoe mwenyewe kabla hujauliza.

Hatua ya 8. Endesha njia

Siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, toka nyumbani uende shuleni kama vile mtoto yuko kwenye gari. Njiro hadi Kisongo ni kuvuka mji mzima. Anayekaa Moshono ajaribu tena Aprili, mvua ikiwa inanyesha. Moshi mjini habari hii ni nyepesi.

Hatua ya 9. Mpeleke mtoto

Omba siku moja ya majaribio. Jioni usimuulize "umeipenda?" Atasema ndiyo kwa sababu ya trampolini. Muulize: "Leo uliuliza nini? Nani alikujibu?"

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuhesabu walimu wa kizungu. Mgeni hodari yupo na mgeni wa kupita yupo, Mtanzania hodari yupo pia. Uliza walimu wanakaa miaka mingapi.

Kuhamisha Januari bila kufikiri. Shule nyingi za kimataifa huanza mwaka Agosti na kumaliza Juni. Mtoto aliyemaliza darasa Desemba anaingia katikati, na ofisi huweza kumpanga kwa umri, si kwa darasa alilotoka. Ulizia mapema ili usije ukaambiwa "amerudishwa" mbele yake.

Kuficha tatizo la kusoma au la kusikia kwenye fomu. Linaonekana wiki ya pili, na wakati huo umeshalipa.

Mambo yakienda kombo

Daftari limebaki tupu mwezi mzima. Usikimbilie kulalamika, kazi nyingine iko ukutani, kwenye faili au kwenye kompyuta. Omba kuiona. Ukionyeshwa maelezo tu bila kazi, hapo lalamika.

Mtoto amenyamaza darasani. Kwa aliyebadilisha lugha, ukimya wa miezi michache ni wa kawaida, anasikiliza. Mwambie mwalimu lugha anazozijua, na nyumbani muendelee kuongea naye kwa lugha mnayoijua vizuri. Msigeuze nyumba kuwa darasa la Kiingereza kibovu. Ukimya ukihamia nyumbani pia, nenda shuleni kesho.

Baba mkwe anasema watoto wanacheza tu, mbona hawana nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu? Mwalike siku ya maonyesho ya watoto. Akimhoji mjukuu dakika tano kuhusu alichochunguza, kesi huwa inaisha. Asiposhawishika, mwonyeshe ripoti ya hesabu.

Ada imekushinda katikati ya mwaka. Mwone mhasibu kabla ya tarehe, si baada. Omba mgawanyo kwa maandishi.

Bibi analalamika mtoto hamwelewi. Mpeleke Marangu likizo ya Juni, wiki tatu, bila wewe na bila simu. Mpe kazi moja ya kumhoji bibi, kwa mfano majina ya aina za ndizi pale shambani na kila moja inapikwaje. Arudi nayo imeandikwa. Na mfungie sweta nzito, Juni mlimani ni baridi.